Boksi la Wanyika: nilipofikia mpaka sasa

Haya wapenzi wa zilipendwa, nimekaa kimya miezi mitatu mkadhani nimeuza pleya nikanunua bodaboda. Hapana, mie bado nipo Ngamiani, Tanga, nasugua santuri. Kuna mambo yamekwenda, kuna mambo yamekwama, na kuna moja limenirudisha nyuma wiki mbili nzima, ntafika huko.

Kwa aliyeingia leo: natengeneza boksi la nyimbo za zamani za kina Wanyika, nazitoa kwenye santuri nazipanga tangu mwanzo, na kijitabu chake ndani. Binamu yangu alirudi likizo kutoka London akaniletea Francophonic ya Franco na OK Jazz, wale wa Kongo, ile ya kwanza waliyotoa kampuni ya Sterns mwaka 2008, CD mbili, zinaanza 1953 mpaka 1980, na kijitabu ndani kinaeleza mambo mpaka unasahau chai inapoa. Nyimbo nyingi nilikuwa nazo kwenye kaseti tangu enzi, sikushtuka kwa nyimbo, nilichoshtuka ni mpangilio. Unamsikia kijana wa miaka kumi na tano anaanza kuchezea gitaa, anakua masikioni mwako, mpaka anakuwa yule Franco bonge ambaye akikohoa tu ukumbi unanyamaza. Nilikaa na kile kijitabu usiku kucha kama barua ya mchumba, mama watoto akaniuliza kulikoni, nikamwambia hakuna kitu, lala.

Alafu wivu ukanishika. Sisi je? Wilson Kinyonga na George Kinyonga ni wa hapahapa Tanga, wameanzia Jamhuri Jazz mwaka 1966, mwaka 1970 wakaenda Arusha wakaungana na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz, 1971 wakavuka mpaka wakatua Mombasa, huko ndo ikazaliwa Simba Wanyika, mengine mnayajua. Ukienda Nairobi leo mtu atakuapia kwamba Simba Wanyika ni bendi ya Kenya na mie siwalaumu, wamewalea, wamewanunulia santuri, wamewacheza miaka ishirini. Ila mtoto kulelewa kwa shangazi hakumfutii kwao. Na muziki wao huupati sehemu moja ukiwa umepangwa kuanzia Tanga, upo vipandevipande, kipande huku kipande kule, huu kwenye simu ya mtu, ule kwenye flashi ya daladala tena umeandikwa jina la bendi nyingine kabisa.

Basi nikasema ntatengeneza langu. Moja tu, la nyumbani, siuzi na wala msiniombe niwatumie mafaili maana hizo nyimbo zina wenyewe. Limegawanyika sehemu nne: Jamhuri, Arusha, Simba Wanyika, alafu Les Wanyika waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978. Kuna mtu alinigombeza eti Les Wanyika watoke maana waliwakimbia wenzao. Ndugu yangu, Profesa Omari Shabani alipoondoka kaondoka na lile gitaa la rithimu, na ukimtoa Profesa kwenye hadithi hii umetoa nyama umebakiza mchuzi. Wimbo wao Sina Makosa unabaki, na isitoshe jina lake lenyewe limeshajitetea.

Hesabu ya sasa

Nina santuri 38, zote zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Zinazopigika pande zote mbili ni 23, upande mmoja tu 9, na 6 hazifai hata kuwekea sufuria. Hizo sita zilikuwa kwenye nyumba moja kule Makorora, zimelala chini ya kitanda miaka mingapi sijui, na mnajua unyevu wa bahari wa hapa kwetu, ukungu umeota mpaka umechora ramani. Nyingine ilipinda kama kapati, nadhani ilikaa dirishani.

Kuosha nimeshapata njia. Maji ya betri, yale masafi yasiyo na asidi, ULIZA KABLA HUJANUNUA, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, unazungusha kufuata mifereji usikatize. Leibo usiilowanishe. Mie nililowanisha moja ya kwanza kabisa, jina la mtunzi likatoka na kidole changu, mpaka leo nikikumbuka naumia, maana kwenye hizi santuri ile leibo ndo cheti cha kuzaliwa, hakuna kingine. Zinakauka kwenye kichanja cha sahani jikoni, jambo ambalo lina upinzani humu ndani.

Kasi, na safari ya kinyozi

Hili lilinitesa. Nimeingiza nyimbo kumi na moja kwenye kompyuta, nimefurahi, nikamwita kijana mmoja wa mtaani anapiga gitaa kanisani aje afuatishe. Akakaa, akasikiliza, akaanza kukaza nyuzi. Akalegeza. Akakaza tena. Akasema bro, hawa jamaa hawapo kwenye noti ya C wala hawapo kwenye C shapu, wapo barabarani. Nikambishia, nikamwambia zamani watu walikuwa wanatyuni kwa masikio tu. Akaniambia sawa, lakini hata mwimbaji anaimba kama kachelewa basi.

Kumbe mkanda. Ule mkanda wa mpira unaozungusha sahani nilinunua wa kubahatisha, pleya ikawa inakimbia kwa asilimia kama tatu hivi. Ndogo eti? Asilimia tatu ni karibu nusu ya hatua kutoka C kwenda C shapu, yani ndo palepale kijana alipokwama.

Dawa yake ni karatasi. Unachora duara lenye vistari vyeusi na vyeupe, unaliweka juu ya sahani inayozunguka, unaliangalia chini ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yani mawimbi 50 kwa sekunde, taa inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, mara 6000 kwa dakika, gawanya kwa 45 unapata 133 na ushee. Ukichora vistari 133 na kasi ikawa sawa, vistari vinaonekana vimesimama tuli kama vimegandishwa, pleya ikikimbia vinatembea mbele, ikichelewa vinarudi nyuma. Raha sana ukiona inavyofanya kazi. Shida ni kwamba nyumbani kwangu taa zote ni hizi balbu mpya na hazifanyi huo mchezo, zinawaka moja kwa moja, nimekodoa macho nusu saa naona ukungu tu. Inatakiwa tyubulaiti ya zamani yenye stata. Nani anayo bado? Kinyozi wangu, barabara ya 12.

Nikabeba pleya kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto mgonjwa, nikaenda saa tatu asubuhi kabla wateja hawajajaa. Kinyozi hajauliza hata swali, kaniachia kona. Jamaa aliyekuwa ananyolewa kaniuliza kama natibu watu. Nimekaza kaskrubu ka mota kidogokidogo, vistari vikapunguza mwendo, vikapunguza, vikasimama, na mie nikapiga kelele pale yule jamaa nusura akatwe sikio. Nyimbo kumi na moja zote nikazirudia upya, lakini sasa Wilson anaimba kama mtu aliyeshiba.

Mikwaruzo

Nimeacha kuifuta yote na naomba msinishauri tena. Natumia Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ina kifaa cha kutoa tak-tak, unakibonyeza na wimbo unatoka msafi, mweupe, na MARAKASI HAZIPO. Kompyuta haijui tofauti ya kwaruzo na marakasi, vile vibuyu vya kutikisa, kwake yote ni tak. Nililigundua kwenye wimbo mmoja wa Simba Wanyika ambao nimeusikia toka nipo mdogo, nikawa nausikiliza naona kuna kitu kimepungua ila sikijui, kama nyumba iliyotolewa saa ya ukutani. Kwa hiyo sasa natoa kwa mkono, ile mikubwa tu inayopasua sikio, navuta picha ya sauti mpaka naona kijiti kimesimama peke yake ndo nakikata. Upande mmoja unaweza kula jioni nzima.

Kitu kingine kimenisaidia, hizi nilizonazo karibu zote ni mono, yani sauti ya kushoto na kulia ni ileile moja, kwa hiyo narekodi chaneli mbili alafu nazichanganya kuwa moja, mvumo mwingi unakufa wenyewe bila kugusa muziki. Natunza kwa biti 24, kilohezi 96, upande wa dakika nne unakula MB 138 kwa chaneli mbili, kabla sijazichanganya, ndo maana flashi zangu zimejaa na harusi ya shemeji imebidi niihamishe (asijue).

Sasa lile lililonirudisha nyuma

Santuri ndogo upande mmoja ni dakika nne, tano ukibana. Dansi ukumbini linakwenda dakika kumi. Kwa hiyo studio walikuwa wanaukata wimbo, Sehemu ya 1 upande wa A, Sehemu ya 2 upande wa B. A ndo maneno, mtu analia mapenzi yake taratibu. Sauti inafifia. Unageuza, B inaanza magitaa yameshapamba moto, solo anauliza, rithimu anajibu, besi anazunguka chini kama mtu anayetafuta funguo, na hapo ndo kiuno kilipokuwa kinaanza kazi.

Mie nikajiona fundi, ntaviunganisha, wimbo uwe mzima kama ulivyopigwa. Kwenye baadhi ya santuri ukisikiliza vizuri, mwisho wa A na mwanzo wa B ni palepale, mapigo yaleyale, wamefifisha huku wakaanzisha huku. Nimepanga pigo juu ya pigo, nimenyanyua sauti pale inapofifia, wiki mbili, nyimbo saba. Na zilitoka, siyo najisifu, hakuna anayesikia kiungo. Niliwapigia watu watatu, hakuna aliyejua.

Nikampelekea mzee jirani wa nyumba ya nyuma yangu, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge miaka hiyo, yeye ndo kamusi yangu, ananiambia huyu anaimba nani na hapa anacheka nani. Nikamwamkia, akaitika, marahaba mwanangu, leta tusikie. Nikamwekea. Anatingisha kichwa, vidole vinapiga kwenye mkono wa kiti, tukafika pale kwenye kiungo changu, vidole vikasimama.

"Hapa umeharibu."

Nikamwambia mzee hapa ndo nimetengeneza, ilikuwa imekatika.

"Haikukatika. Hapa tulikuwa tunageuza."

Akanieleza, kule kambini pleya ilikuwa moja ya betri, mwenyewe hacheki na mtu, ana mtoto wake wa kazi ya kugeuza. A mnacheza mmeshikana taratibu. Ikiisha, kimya, kijana anageuza, anapuliza sindano, na katika kile kimya mpo mmesimama katikati ya watu, mkono wa mtu bado unao, huwezi kuuachia maana B inakuja, huwezi kucheza maana hakuna muziki. "Sasa hapo utafanya nini? Si utamuuliza jina." Bi mkubwa wake alikuwa ndani anachambua mchele akasema kwa sauti, "Na alinidanganya lake." Mzee akajifanya hajasikia.

Nimezikata zote saba. Kiungo kimoja kimoja. Kwenye boksi zitakaa mbalimbali kama zilivyo kwenye santuri, A inaisha inafifia, B inaanza yenyewe, anayetaka kuunganisha aunganishe kwake. Zile zilizoungwa sijafuta lakini, ni kazi ya mikono yangu bwana, nimezificha kwenye folda. Na mzee nimemtengenezea flashi yake peke yake, nilimpa pleya nikapima anavyogeuza, sekunde 11 pamoja na kupuliza, nimemwekea kimya cha sekunde 11 katikati ya kila wimbo. Mama watoto anasema hiyo flashi mbovu.

Kijitabu

Kinaenda polepole. Kurasa 14 zimeandikwa, kumi zinamhusu Jamhuri na Arusha maana ndo sehemu inayoniuma, Simba Wanyika ya 1975 kwenda mbele, tangu ile albamu yao ya kwanza, wengine wameshaandika. Mpangilio naufuata kwa namba zilizokwanguliwa kwenye ile sehemu laini karibu na leibo, zinasaidia kujua ipi ilitoka kabla ya ipi, ila unahitaji tochi na uvumilivu. Mwisho wa kijitabu ni ukurasa mmoja tu, George amefariki 1992, Wilson 1995, nimeandika mara nne nafuta.

Boksi lenyewe

Seremala kamaliza, mbao ya mvule, bawaba za shaba, kifuniko kinafunga kwa sauti tamu. Santuri haziingii. Nilimpa vipimo kwenye karatasi, ndani sentimita 19, yeye kapima 19 kwa nje. Santuri tupu ina karibu 18, ukiweka na kava imezidi. Tumebishana, tumenunuliana soda, analifumua kuanzia Jumatatu.

Afadhali pia, maana huenda nahitaji nafasi zaidi. Jana usiku nimepigiwa simu kutoka Mombasa, mtu ana santuri nne za baba yake na anasema moja leibo imeandikwa Arusha Jazz. Nimemwambia asiioshe, asiipige, asiifute hata vumbi, tukutane mpakani Horohoro Jumapili. Nimeshatenga taulo mbili na bahasha ngumu ya kadibodi.