Mita Imezima, Injini Inaunguruma: Siku Moja Maishani Mwangu Karakanani

Mimi ni fundi wa umeme wa pikipiki. Wenzangu wanashika injini, breki na minyororo. Mimi naachiwa waya na kila kitu chenye skrini. Mita ya siku hizi si mshale na kebo tena. Ni kompyuta ndogo yenye kioo cha rangi, na ikiugua inaletwa kwangu. Hii ni siku yangu ya jana, tangu kufungua hadi kufunga.

Saa moja na nusu asubuhi

Kabla wateja hawajaanza kuingia, nasoma waraka wa kiufundi uliotoka kiwandani. Unahusu toleo moja la pikipiki ambalo mita yake huzima, huganda au hugeuka nyeusi kukiwa na joto. Tiba wanayoitoa ina hatua mbili: kwanza weka programu mpya kwenye mita, tatizo likiendelea, badilisha mita nzima bila kumtoza mteja, na ile ya zamani irudishwe kwao ikachunguzwe.

Waraka wa namna hii haulingani na wito wa usalama. Wito ukitolewa, mwenye pikipiki huandikiwa na kuambiwa alete chombo chake. Waraka unakaa kwetu mafundi. Mteja asipolalamika hatajua kwamba tiba ipo, na muda wa dhamana ukimpita ndiyo imetoka hiyo. Sipendi utaratibu huu, na nimeshamwambia msimamizi wangu zaidi ya mara moja. Mita inayozima barabarani inamnyima dereva mwendo wake, taa ya mafuta na taa ya ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) kwa mpigo. Kwangu hilo ni suala la usalama.

Saa mbili

Wa kwanza kuingia ni kijana anayeendesha kila siku kwenda kazini. Anawasha, na mita inang'aa vizuri kabisa. Asubuhi ya baridi hakuna mita mbovu.

"Fundi, nakuapia jana ilizima kabisa. Nimekuja na video."

Video ndiyo ushahidi bora anaoweza kuniletea mteja, basi naitazama polepole. Naangalia mambo matatu. Skrini ikiwa nyeusi huku taa za pembeni, za indiketa na za onyo, zinaendelea kuwaka, mita ina umeme na mgonjwa ni kioo. Skrini ikiwaka lakini mwendo unasoma sifuri na taa ya injini imejitokeza, mita ni nzima, ila haisikii wenzake. Ikizima kisha ikaanza upya na nembo ya kampuni ikatokea, umeme unakatika mahali, na mara nyingi lawama ni ya betri au waya wa hasi. Kwa mteja zote tatu ni "mita imezima". Kwangu ni kazi tatu tofauti, na waraka unatibu moja tu.

Video yake inaonyesha ya kwanza. Naandika namba ya chasisi, tarakimu na herufi zote 17, naiingiza kwenye mfumo. Pikipiki yake imo kwenye orodha.

Saa mbili na nusu

Hata hivyo napima. Kuna mafundi wanaosoma waraka, wanaagiza mita, wanafunga, na mteja anarudi na lalamiko lilelile kwa sababu tatizo lilikuwa waya uliochubuka kwenye shingo ya usukani.

Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.7. Nikipiga starta inashuka hadi 10.6 na kupanda tena. Ingeshuka chini ya hapo sana ningeanza kuishuku. Injini ikiwa inazunguka, chaji ni 14.1. Kisha naweka ncha moja ya maltimita, kile kipima umeme, kwenye waya wa hasi wa mita na nyingine kwenye hasi ya betri, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Napata chini ya volti 0.1. Athi, yaani njia ya hasi, ni safi.

Zinabaki waya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo mita hupokelea habari kutoka kwenye kompyuta ya injini na ya ABS. Ni mfumo wa CAN, uliobuniwa na kampuni ya Bosch na kutangazwa mwaka 1986 kwa ajili ya magari, na sasa umejaa kwenye pikipiki. Kwenye hii, kila mwisho wa njia una rezista, kizuizi kidogo cha umeme, ya omu 120. Nikichomoa betri na kupima kati ya waya hizo mbili, natakiwa nisome takriban 60, kwa kuwa rezista mbili zikiwa sambamba hugawana. Nikisoma 120, upande mmoja umekatika. Nikisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Nasoma 60 na ushei, kisha nazungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku macho yakiwa kwenye namba. Haitikisiki.

Waya zimepona. Sasa kioo.

Saa nne

Natumia mashine ya hewa moto, kwa mbali, pamoja na kipimajoto cha kuelekeza. Kazi hii haitaki haraka, maana plastiki ikilainika umeharibu mali ya watu. Kioo kinapofika nyuzi 68 doa jeusi linaanza kwenye kona ya juu, linatambaa, na baada ya muda skrini yote ni giza. Namulika kwa tochi kwa pembeni. Taa ya nyuma ya skrini ingekuwa ndiyo imekufa, ningeona picha hafifu chini ya mwanga wa tochi. Sioni kitu. Picha yenyewe haipo.

Kijana amesimama nyuma yangu. "Imeungua?"

Haijaungua. Ndani ya kioo hiki mna kimiminika ambacho chembe zake hujipanga kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndio unaoruhusu au kuzuia mwanga. Joto likivuka kiwango fulani chembe huvurugika na kioo kinakuwa cheusi. Kikipoa zinajipanga tena. Nazima mashine, tunasubiri, na kweli picha inarudi kutokea chini kwenda juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kioo bora huvumilia joto zaidi ya hili. Inaelekea kilichofungwa kwenye toleo hili kilichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuegesha pikipiki juani.

Saa tano

Naweka programu mpya, maana kiwanda hakikubali kuruka hatua. Nafunga chaja ya kushikilia betri isishuke, napiga picha kilomita zinazosomeka kwenye mita, nachomeka laptopu na kuanza. Hapa hakuna kugusa ufunguo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mita inabaki bila programu ya zamani wala mpya, na hapo huna mita tena.

Mstari wa maendeleo unaganda kwenye asilimia 40, na utakaa hapo muda mrefu. Ndivyo ulivyo.

Wakati nasubiri anaingia mzee mmoja na ukungu ndani ya kioo cha mita yake. Anataka naye abadilishiwe, kasikia wengine wanabadilishiwa bure. Namweleza kwamba mita haijazibwa kabisa. Ina utando mdogo unaopitisha hewa na mvuke lakini unazuia matone. Hewa yenye unyevu ikiwa ndani na kioo kikapoa ghafla, ukungu hushika. Ukiondoka wenyewe baada ya kuendesha kidogo, hilo si kosa. Yakiwa matone yanayokaa chini ya kioo siku nzima, maji yameingia.

Kwake ni matone.

"Mzee wangu, unaoshaje pikipiki?"

"Kwa mashine ya presha, kama watu wote."

"Na mita?"

Ananyamaza, kisha anacheka. Utando ule umetengenezwa kwa ajili ya mvua. Mkondo wa maji ya presha kutoka karibu ni jambo jingine. Nampigia picha, namwandikia ombi la dhamana la kawaida bila kuficha chochote, na namwambia wazi kwamba linaweza kukataliwa. Waraka wangu wa joto haumhusu. Ameondoka bila furaha, lakini ameelewa.

Saa saba mchana

Mapumziko. Msimamizi ananiuliza kwa nini pikipiki moja imechukua asubuhi nzima. Namwonyesha karatasi ya vipimo. Anaondoka.

Saa nane

Programu imekaa. Nalinganisha kilomita na picha niliyopiga: zimelingana. Nikipasha mita joto kidogo naona walichofanya. Kihisi cha ndani kikisikia joto, programu inafifiza taa ya nyuma ya skrini ili mita isijiongezee joto lake yenyewe. Wazo si baya. Ila mchana jua likiwa kali ndipo dereva anapohitaji skrini ing'ae zaidi, na sasa ndipo inapofifia.

Narudia jaribio. Doa jeusi linaanza kwenye nyuzi zilezile. Programu imepunguza joto la ndani. Jua halisomi waraka. Napiga picha kipimajoto kikiwa kando ya kioo cheusi, naambatanisha vipimo vya betri, toleo la programu, kilomita na namba ya chasisi, natuma ombi la hatua ya pili. Madai yanayokataliwa mara nyingi yameandikwa "mita haifanyi kazi" na basi.

Kijana ataondoka na mita hiyohiyo hadi mpya ifike. Namwambia aegeshe kivulini, au afunike mita kwa kitambaa cheupe anapoiacha. Ikizima barabarani asiendeshe kwa kukisia: apunguze mwendo, atafute pa kusimama salama, aache ipoe. Ana simu yenye GPS kwenye usukani, nayo itamsaidia kujua mwendo kwa muda.

"Lakini fundi, simu na mita havikubaliani. Mita inasema 80, simu inasema 76."

Swali zuri, na jibu lake linawashangaza wengi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza mita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha kidogo inaruhusiwa. Kwa hiyo viwanda huweka mita zao juu kidogo makusudi, hata tairi likibadilika ukubwa mita isije ikasoma pungufu. Tofauti yake hiyo ni ya kawaida kabisa.

Saa tisa

Mita ya dada mmoja tuliyemwombea awali imefika. Nafungua boksi, na kabla ya kutoa kitu chochote nasoma lebo. Namba ya kifaa ni ileile ya zamani isipokuwa herufi ya mwisho: ilikuwa B, sasa ni C. Waraka haukusema lolote kuhusu hili. Herufi ya mwisho ikibadilika maana yake kifaa chenyewe kimerekebishwa, na hili ndilo lililonipa faraja kuliko maelezo yote ya asubuhi. Kubadilisha B kwa B nyingine kungekuwa kumwazima mteja muda hadi msimu wa joto unaofuata. Naenda stoo moja kwa moja. Zipo B kwenye rafu. Namwomba mtunza stoo azitenge zisifungwe kwa mtu yeyote mwenye lalamiko la joto, na anazitia alama ya wino mwekundu.

Kufunga ni kazi nyepesi: kuchomoa betri, skrubu chache, soketi moja yenye kifungio. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu mita mpya haimjui mtu. Lazima itambulishwe kwa kompyuta ya injini na ufunguo usajiliwe. Bila hivyo pikipiki haiwaki. Halafu kilomita. Mita hii inakubali kuandikiwa mara moja tu, na baada ya hapo haipokei namba ndogo kuliko iliyonayo. Naandika 31,480, nasoma kwa sauti, mwenzangu anasoma kwenye picha ya mita ya zamani, ndipo nabonyeza.

Saa kumi na nusu jioni

Dada amefika. Anatazama skrini mpya, anatazama kilomita.

"Jamani, si ungeniachia sifuri tu? Ingekuwa mpya."

Anatania, lakini wapo wanaoomba kwa dhati. Nampa karatasi yenye namba ya mita ya zamani, ya mpya, kilomita na tarehe, tumesaini wote wawili. Namwambia aiweke pamoja na kadi ya pikipiki. Siku akiuza, mnunuzi akikuta mita mpya kwenye chombo cha zamani, karatasi hiyo ndiyo itamjibu. Na ratiba ya sevisi inafuata kilomita. Injini haikubadilishwa, valvu zake zimetembea 31,480 zilezile.

Namalizia na onyo la kioo: asifute kwa petroli wala dawa ya vioo vya dirishani, maji na kitambaa laini vinatosha. Na mafuta ya breki yakidondoka hapo ayaoshe palepale, yanatafuna plastiki.

Saa kumi na moja

Mita ya zamani ya dada inaingia kwenye boksi la mpya, na lebo ya kosa: "hugeuka nyeusi ikipata joto, nyuzi 68, waya zimepimwa ni nzima". Kiwandani watajua wanatafuta nini.

Kabla ya kuzima kompyuta nafungua tena ombi la yule kijana wa asubuhi. Halijajibiwa. Kwenye nafasi ya maelezo naongeza mstari: naomba kifaa chenye herufi C, chenye B kisitumwe.