Sheria ya Ndoa ya 1971: vifungu vilivyofanya kazi na vilivyolala

Tarehe 1 Mei 1971 Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka huo, ilianza kutumika Tanzania Bara. Kabla yake ndoa ya Kikristo ilikuwa na sheria yake, ya Kiislamu yake, ya Kihindu yake, na ya kimila ilifuata ukoo. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa mapendekezo kwenye Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, watu wakayajadili, kisha Bunge likapitisha sheria moja inayosimamia ndoa zote, huku kila dini na kabila likibaki na namna yake ya kufungisha. Zanzibar haimo.

Sheria hii husifiwa kwa jumla au hulaumiwa kwa jumla. Mimi naona ipimwe kifungu kwa kifungu, kwa swali moja: mtu akikihitaji, anakwenda wapi, anapewa karatasi gani, na nani analazimika kumsikiliza? Vifungu vyenye jibu vimebadilisha maisha ya watu. Visivyo na jibu vimelala, hata kama maneno yake ni mazito.

Chukua kifungu cha 66. Kinatamka kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa mwaka 1971 hilo lilikuwa tamko kubwa. Lakini kifungu hakitaji adhabu yoyote wala ofisi ya kupeleka malalamiko. Anayepigwa leo hapati msaada kutoka humo moja kwa moja: anakwenda polisi kwenye dawati la jinsia, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na mashtaka yanafunguliwa kwa Kanuni ya Adhabu. Ndani ya Sheria ya Ndoa yenyewe, kipigo kinakuwa na nguvu baadaye, kama ushahidi wa ukatili katika shauri la talaka. Kwa hiyo PF3 na nakala ya taarifa ya polisi zitunzwe, maana hakimu hawezi kupima kovu lililokwishapona.

Sasa linganisha na kifungu cha 59. Kinasema nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mwenzi huyo anaweza kuilinda kwa zuio. Hapa pana mlango wa kubisha hodi: Msajili wa Hati. Zuio likishaandikishwa, mnunuzi anayepekua daftari analiona. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikakaza zaidi, kwa kutaka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenzi. Kuanzia hapo mlinzi mkubwa wa kifungu hiki akawa afisa mikopo wa benki. Hafanyi hivyo kwa huruma. Anajua kwamba rehani isiyo na ridhaa inaweza kubatilishwa na benki ikabaki bila dhamana, kwa hiyo anadai saini na picha ya mke au mume mbele ya wakili kabla ya kutoa hata shilingi. Maslahi ya benki na haki ya mwenzi vilikaa upande mmoja, na mazoea yakabadilika haraka kuliko ambavyo semina yoyote ingeweza.

Kinapofeli ni pale ambapo ardhi haimo kwenye daftari. Kiwanja kinachouzwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa hakina hati ya kuwekewa zuio. Linalowezekana ni kuandika barua ya pingamizi mapema kwa serikali ya mtaa au halmashauri ya kijiji na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, ili mnunuzi asije kudai hakujua.

Kifungu cha 114 ndicho kilichochukua muda mrefu zaidi kuamka. Kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kazi gani? Je, kupika, kufua na kulea vimo? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika kwa miaka 12. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema vimo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona kwamba fedha za mradi alizopewa na mumewe alizitapanya. Alishindwa, lakini kanuni iliyowekwa kwa jina lake imewabeba wanawake wengi waliokuja baadaye.

Hata hivyo, mchango ni suala la ushahidi, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Kusema tu "nilikuwa mke wake kwa miaka 20" hakutoshi. Mahakama inataka ioneshwe mali ipi ilipatikana ndani ya ndoa, lini, na wewe ulifanya nini: risiti za saruji na mabati, mafundi waliopokea hela mkononi mwako, mkopo wa kikoba, majirani waliokuona ukisimamia ujenzi. Asiyekuwa na kipato aeleze kazi za nyumbani waziwazi, kwa mpangilio, na alete mashahidi.

Kabla ya kufika huko pana Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo sheria inataka liwepo kila kata. Kwa kawaida shauri la talaka lisilopitia Baraza linatupwa, isipokuwa kwa sababu maalumu kama mwenzi kutojulikana alipo. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likikaa na watu wawili tu, hati yake ina kasoro. Likishindwa kusuluhisha linatoa Fomu Na. 3, na hiyo lazima iwe na umri usiozidi miezi sita siku ya kufungua shauri. Barua ya kawaida ya mtendaji haichukui nafasi yake. Kwa ndoa ya Kiislamu mpangilio ni huohuo: Baraza kwanza, kisha tendo la talaka, kisha mahakama. Anayetoa talaka kwanza na kutafuta Baraza baadaye anajikuta anarudishwa nyuma.

Kwa upande wa mke wa pili sheria ilisita. Tangazo la kusudio la ndoa linapaswa kutolewa siku 21 kabla, na mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano kwamba familia itapata dhiki kubwa. Lakini kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa kukosa tangazo. Hivyo mwanamume anayekwepa tangazo hapotezi ndoa yake, na mke wa kwanza anasikia habari kwa watu.

Kuhusu wanaoishi pamoja bila ndoa, ile "miezi sita" inayotajwa mitaani kwamba inatosha kuwafanya mume na mke haimo. Ili wadhaniwe kuwa wameoana, kifungu cha 160 kinataka miaka miwili au zaidi, na jamii iwe inawatambua kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kukanushwa, hasa mmoja akiwa bado ana ndoa ya mke mmoja kwingine.

Kidonda kikubwa ni umri. Kifungu cha 13 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na 14 kwa kibali cha mahakama, mvulana 18. Kifungu cha 17 kikaiweka ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 mikononi mwa mzazi au mlezi. Mwaka 1971 kuweka kiwango chochote kilikuwa hatua. Leo kiwango hicho kimekuwa kinga ya anayemuoa mtoto. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivi viwili, akashinda Julai 2016. Mwanasheria Mkuu alikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Oktoba 2020 ikapita bila Bunge kuvibadilisha.

Kwa mwanafunzi pana ulinzi mwingine: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Huyo ana mwalimu mkuu, daftari la mahudhurio na polisi. Msichana wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea hayumo kwenye daftari lolote, na ndiye anayeihitaji zaidi hukumu ya 2019 iandikwe kwenye sheria.