Nilivyoifanya sinthesaiza yangu iache kuhama noti

Mdogo wangu anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na masikio yake hayadanganyiki. Jioni niliyomwita chumbani asikie sinthesaiza, chombo cha muziki kinachounda sauti kwa umeme, niliyoiunda kwa mikono yangu, alisimama mlangoni, akaimba noti moja pamoja nayo, akavuta pumzi, akairudia. Kisha akasema, "Kaka, hiki kitu kinapanda." Nikabisha. Akafungua simu, akawasha programu ya kutuni gitaa na kuiweka mezani mbele yangu. Noti niliyoiacha kwenye mitetemo 440 kwa sekunde ilikuwa imeshapanda karibu nusu toni, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachokifuata, na sikuwa nimegusa kitufe chochote.

Kuirekebisha kulinichukua miezi miwili. Naandika nilichokipitia kwa sababu najua wapo wengine waliokwama pale pale nilipokwama.

Chombo changu cha kwanza hakikuwa na shida hiyo, maana hakikujua noti. Kilikuwa chipu moja ya CD40106, betri ya volti 9, kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 0.1 na kipingamizi cha kuzungusha. Kapasita inajaa kupitia kipingamizi, ikifika kiwango fulani chipu inageuza upande, kapasita inaanza kumwaga, na mchezo unajirudia mara mia kadhaa kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti. Ndani ya chipu hiyo mna vigeuzi 6, nami nilitumia kimoja. Miguu ya kuingilia ya vile vingine 5 niliiacha ikining'inia, na kila nilipopeleka mkono karibu, sauti ilitetemeka. Nilipoiunganisha yote kwenye hasi, ikatulia. Ukiunda chochote kwa chipu za aina hii, usiache mguu wa kuingilia bila kuufunga mahali.

Lakini mimi nilitaka kupiga nyimbo kwa kinanda. Hapo ndipo unapokutana na kanuni iliyoenea tangu enzi za Robert Moog, miaka ya 1960: kila volti 1 inayoongezeka, sauti ipande oktava moja. Nusu toni moja basi ni volti 1 gawanya kwa 12, yaani milivolti 83 na kidogo. Kwa maneno inaonekana rahisi. Ugumu ni kwamba sikio halihesabu kwa kujumlisha. Noti ya A ya chini ni mitetemo 110 kwa sekunde, inayofuata 220, halafu 440, halafu 880: kila oktava ni mara mbili ya iliyotangulia. Kwa hiyo saketi lazima ipokee volti zinazopanda hatua kwa hatua na kutoa mkondo unaojizidisha. Transista ya kawaida, kifaa kidogo ambamo volti ndogo huongoza mkondo, ina kipaji hicho kwa maumbile yake. Ukiongeza milivolti 18 hivi kwenye mlango wake, mkondo unaopita unakuwa mara mbili. Nilipolielewa hilo nilifurahi mno, nikaweka transista moja, nikadhani nimemaliza.

Kumbe transista ni kipimajoto pia. Joto likipanda nyuzi moja, ni kama umeiongezea milivolti 2. Na kama kwenye mlango wa transista oktava nzima yenye nusu toni 12 ni milivolti 18, basi nusu toni ni milivolti moja na nusu tu. Maana yake nyuzi moja ya joto inatosha kuihamisha noti zaidi ya nusu toni! Nilijaribu kwa macho yangu. Niliibana transista kwa kidole gumba na cha shahada nikiwa nimeshikilia noti moja kwenye kinanda, na sauti ikaanza kupaa taratibu, kama mtu anayepanda ngazi bila kupumzika. Nikaachia, ikashuka vilevile taratibu.

Dawa yake ni transista mbili zinazofanana, moja ikifuta kosa la nyingine, zikiwa zimegusana ili zisikie joto lile lile. Neno zito hapo ni "zinazofanana". Nilikuwa na transista ishirini za aina ya 2N3904 kwenye mfuko mmoja, nikaanza kuzipima moja moja kwa mkondo ule ule, nikisoma milivolti kwenye mita. Usiku wa kwanza namba zote zilikuwa ovyo. Transista niliyoipima saa mbili haikutoa jibu lile lile saa tatu. Nilikuja kugundua ni vidole vyangu. Nilikuwa naichomeka kwa mkono, inapata joto langu, na mita inasoma joto hilo. Usiku wa pili nilizima feni, nikafunga dirisha, nikatumia kibano, na baada ya kuchomeka kila moja nilisubiri dakika tatu kamili kabla ya kuandika. Katika ishirini nilipata jozi tatu zilizopishana chini ya milivolti 1.

Niligandisha transista mbili za jozi moja uso kwa uso kwa gundi, kisha juu yake nikalaza kipingamizi maalumu kinachobadilika kwa joto, kile cha sehemu 3300 kwa milioni kwa kila nyuzi. Hicho kina kazi yake: jozi inafuta kosa kubwa, lakini upana wa oktava wenyewe bado unabanwa na joto kwa asilimia 0.33 kila nyuzi, kiasi kile kile ambacho kipingamizi hicho kinabadilika, hivyo kinakifuta. Ni kidogo, ila ukienda oktava tano juu kutoka pale ulipotunia, tofauti ya nyuzi 10 inakuwa nusu toni mbili. Mwimbaji hawezi kuivumilia. Nilibadilisha pia kapasita ya osileta, ile sehemu ya saketi inayotoa mitetemo ya sauti. Ya seramiki ya bei rahisi nayo inayumba kwa joto. Niliweka ya polistairini.

Kutuni kunataka subira. Unapiga A ya 110, kisha ya 440. Ya juu ikizidi, unapunguza kidogo kile kipingamizi kidogo cha bisibisi, lakini ukikigusa, ya chini nayo inahama. Unairudisha, unapanda tena. Mimi nilirudia mara kumi na kitu.

Kurekodi hakukunisumbua sana. Sauti inayotoka kwenye saketi ina kimo cha volti 10, nyingi mno kwa kadi ya sauti ya kompyuta, hivyo naipunguza kwa vipingamizi viwili, kilo-omu 10 na 1. Kulikuwa na mvumo wa chini pia, uliotoweka nilipochomoa chaja ya kompyuta na kutumia betri. Wapo wanaoshauri kukata waya wa ardhi ili kuuondoa mvumo huo. Usifanye hivyo kamwe. Waya huo ndio unaokulinda.

Siku hizi tukitaka kurekodi naiwasha dakika ishirini kabla, ipate joto lake na itulie. Mdogo wangu hutumia muda huo kupasha sauti. Wiki iliyopita tulirekodi sauti mbili juu ya noti moja ndefu, na mwishoni akaimba tena ile A ya mwanzo, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Haijahama, Kaka." Zile jozi mbili zilizobaki nimezibandika kwenye karatasi na vipimo vyake, zinasubiri osileta ya pili.