Ninayoyaona Kwenye Dirisha la Wakala

Mwaka wa tisa huu nafanya uwakala wa pesa hapa Kihonda, Morogoro. Kibanda changu kina dirisha dogo na benchi la mbao nje. Jumatatu asubuhi wanapanga foleni akina mama wa marejesho ya mikopo. Ijumaa jioni ni vijana na mikeka yao ya kubeti. Mwisho wa mwezi wanakuja wastaafu. Nimeona hela nyingi zikipotea mbele ya macho yangu, na karibu zote zilipotea kwa haraka.

Kwa vijana sina maneno mengi. Kuna dereva bodaboda alikuwa anaweka elfu tano leo, elfu kumi kesho, zote za kubeti. Siku moja tukafungua daftari langu tukajumlisha: mwezi mmoja, laki moja na arobaini. Alinyamaza, akaniuliza kama nimehesabu vizuri. Siku hizi ananunua vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa simu, kidogo kidogo. Hatatajirika kesho, lakini anajua kilipo kila alichokitolea jasho.

Akina mama wananiuma zaidi, kwa sababu hawachezi. Wanalisha watoto. Jirani yangu muuza mboga alichukua kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa, ya laki tatu, marejesho elfu arobaini na tano kila wiki kwa wiki kumi. Piga hesabu mwenyewe: laki nne na nusu, ndani ya miezi miwili na nusu. Wiki ya sita akakwama, akakopa kwenye programu ya simu ili alipe ile ya kwanza. Alipochelewa, nilipokea meseji mimi, na mchungaji wake, na mwalimu wa mtoto wake, kwamba fulani ni mwizi. Namba zetu walizichota kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali, nikaichapisha na kuibandika kwenye ukuta wa kibanda. Mama akija na jina jipya la mkopeshaji, swali langu la kwanza ni leseni. La pili: jumla utarudisha shilingi ngapi? Nataka aniambie kiasi chote. Rejesho la wiki moja halinitoshi.

Sasa wazee. Mwaka jana mzee mmoja alifika simu ikiwa sikioni, jasho linamtoka. "Binti, niwekee laki sita upesi, mwanangu kapata ajali, daktari anasubiri." Nikamwamkia, nikamwomba akate simu ampigie mwanawe kwa namba anayoijua. Akanifokea. Akasema nataka mtoto wake afe. Nilishikilia zile noti dirishani, sikubonyeza. Mwishowe akapiga. Mwana akapokea kutoka Dodoma, yuko kazini, anakula mchana. Mzee aliketi kwenye benchi karibu saa nzima, nikamnunulia maji.

Kwa hiyo nawaomba nyote mlio na wazazi: wafundisheni kukata simu. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" waipeleke 15040, bure kabisa. Wapigieni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mimi hilo nalifanya na kila mzee anayekubali kukaa dakika tano.

Nimechelewa kulifanya nyumbani kwetu. Baba alifundisha hesabu sekondari miaka zaidi ya thelathini, akastaafu 2021. Kiinua mgongo kilipoingia, simu yake haikulala. Alitoa milioni kumi na mbili kwenye mradi ulioahidi faida kila mwezi. Miezi mitatu wakalipa kweli, wa nne ofisi ikawa na kufuli. Alikaa karibu mwaka bila kutuambia. Nilipojua, nilitaka kulia, sikutaka kumlaumu. Mtu aliyeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi, nani alimfundisha kushika mamilioni kwa mkupuo mmoja?

Bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo wa baadhi ya wastaafu kutoka asilimia 33 hadi 40 ya mafao yao, na nilifurahi kwa ajili yao. Ila fungu likikua na matapeli wanasogea. Ningependa kila mstaafu ajue mapema kwamba Bodi ya Bima ya Amana inalinda hadi milioni saba na nusu tu kwa mwenye akaunti katika benki moja, benki hiyo ikifilisika. Kwamba hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinaanzia milioni moja. Na kwamba hakuna ubaya kuacha hela itulie miezi sita bila kuifanyia chochote, hata ndugu wakinuna.

Tulichookoa cha baba tulikigawa hivyo: kidogo benki, kingine hatifungani, na cha dawa na chakula kwenye simu. Alikataa nishike namba yake ya siri, na alikuwa sahihi. Hata mtoto asipewe. Mwisho wa mwezi anakuja kibandani mapema kuliko wateja, anakaa kwenye lile benchi, na mstaafu mwenzake akifika na bahasha ya mradi mpya, humwambia alete kalamu, waanze kuhesabu.