Mitaro ya Msimbazi kabla ya masika

Dar es Salaam masika huanza Machi, kwa hiyo mitaro inayomwaga maji Mto Msimbazi inatakiwa iwe imezibuliwa Februari. Mvua za mwanzo ndizo chafu kuliko zote: zinakokota oili ya gereji, mavi ya mifugo, mchanga na chupa zilizolala mtaroni kiangazi chote.

Kosa kubwa ni kuacha tope ukingoni. Vibarua wanalichota kwa beleshi, wanalirundika pembeni likauke, gari halifiki, mvua moja inalirudisha lote. Manispaa isiyo na gari la kulibeba siku hiyohiyo bora isianze kuzibua.

Kabla maji hayajaingia mtoni, yapite kwenye shimo la kunasa mchanga, sakafu yake iwe nusu mita hivi chini ya sakafu ya mtaro. Likijaa nusu, lichotwe. Mbele yake ziwekwe nondo za kuzuia taka, sentimita 5 kati ya moja na nyingine, zilazwe mshazari. Zikisimama wima, mifuko inaziba, maji yanafurika majumbani na wenyeji wanazing'oa usiku huohuo. Wana haki.

Kinyesi hakinaswi na nondo wala shimo. Watu hutapisha vyoo, yaani hufungulia kinyesi kiende na maji, mvua ikinyesha kwa sababu gari la majitaka halipiti vichochoroni. Afisa afya na mtendaji wa mtaa wakague vyoo mapema, walete pampu ya mkono na mapipa. Faini peke yake haitoi kinyesi kwenye shimo la choo.