Risasi za shaba: jaribu kabla msimu haujaanza

Risasi yenye kiini cha madini ya risasi haibaki nzima ikimpiga mnyama. Inapasuka, na vipande, vingine vidogo kama punje ya mchanga, husambaa hadi sentimita 30 kutoka kwenye njia ya jeraha. Ukiyaacha matumbo porini, umeacha sumu. Tumbusi na tai huvimeza, na asidi ya tumbo huviyeyusha mpaka viingie kwenye damu. Misuli ya kusukuma chakula hupooza, ndege akafa njaa huku mfuko wa shingoni umejaa nyama. Kifo hicho kinaumiza kwa sababu kinazuilika kabisa. Kondori wa California, tumbusi wakubwa wa Marekani, walibaki 22 tu mwaka 1982, na tangu warudishwe porini, sumu hii imewaua kuliko kitu kingine. Tangu Julai 2019 jimbo hilo haliruhusu risasi hizo kwa uwindaji wa aina yoyote.

Mbadala ni risasi ya shaba. Wanaolalamika kwamba haiui, mara nyingi wameitumia kama ile ya zamani yenye madini ya risasi. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo risasi ya uzito uleule huwa ndefu zaidi, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani huizungusha risasi taratibu hushindwa kuituliza. Dalili utaiona kwenye karatasi ya shabaha: matundu ya mviringo yanageuka marefu. Shuka uzito, aliyezoea greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) aanze na 165 au 150. Kasi itapanda, na kasi ndiyo inayoifungua shaba. Nyingi huhitaji takribani mita 600 kwa sekunde zinapompiga mnyama. Chini ya hapo hupenya bila kutanuka, mnyama akatokomea na jeraha. Angalia kiwango cha mtengenezaji, ujue umbali ambao hutauvuka.

Kwanza safisha mtutu kwa dawa ya kutoa masalia ya shaba, maana mabaki ya risasi za awali huharibu shabaha. Piga tatu tatu, acha mtutu upoe, kisha rekebisha darubini upya. Jaribu angalau aina mbili; kila bunduki ina yake inayoipenda.

Kwa bunduki ya marisau, punje za chuma badala ya za madini ya risasi ziwe kubwa kwa namba mbili: namba 4 badala ya 6, maana namba ikipungua punje huwa kubwa. Mtutu uliobanwa sana mdomoni usiupigie chuma. Bunduki kuukuu ipe punje za bismathi, metali iliyo laini kuliko chuma.

Kama bado unamalizia akiba ya zamani, yafukie matumbo kwa kina au uondoke nayo, pamoja na nyama yote iliyozunguka jeraha.