Kipimajoto mfukoni: siku moja na samaki wa Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kando ya bwawa la tilapia huko Ganda, tochi mkononi. Kazi yangu ni kutunza maji ya watu: mabwawa ya wakulima wachache, na matangi ya kioo majumbani na hotelini hapa Malindi. Wengi huniita fundi wa samaki. Samaki wenyewe siwagusi sana. Nashughulika na maji, na katika maji jambo la kwanza ninaloangalia ni joto.

Napima alfajiri kwa sababu usiku kucha mwani na mimea ya bwawani huvuta oksijeni bila kuirudisha. Kabla jua halijachomoza ndipo oksijeni ya majini inapokuwa haba kabisa. Leo kipimajoto kinasoma 27, pazuri kwa tilapia, maana hukua vizuri kati ya 27 na 30. Lakini wako juu juu, midomo wazi. Mzee mwenye shamba anafika na ndoo ya chakula.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niwape?"

"Bado, baba. Jua lipande kwanza, saa tatu hivi. Sasa wanatafuta pumzi, wakila watazidiwa."

Mwili wa samaki hufuata maji aliyomo. Maji yakiongezeka joto kwa digrii 10, mwili wake hufanya kazi karibu mara mbili, naye hutaka oksijeni kwa kadiri hiyo. Balaa ni kwamba maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Lita moja ya maji matamu kwenye digrii 20 hubeba takriban miligramu 9. Kwenye digrii 30 ni kama 7.6 tu. Haja inapanda huku akiba inashuka. Ndiyo maana mwezi huu wa Februari, katikati ya kaskazi, watu huamka wakakuta samaki wanaelea na wakaanza kushuku jirani kwamba ametia sumu. Inaniuma kila ninaposikia ugomvi wa aina hiyo, kwa sababu kipimajoto na kupunguza idadi ya samaki bwawani vingeumaliza.

Bwawa la pili ni la kambare. Hapo sikawii. Kambare ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa ya juu, basi maji mazito yenye joto hayamtishi.

Saa mbili nakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha napanda tuktuk kwenda mjini.

Saa tatu na nusu niko Shella, kwa mama mmoja aliyenipigia jana usiku. Tangi lake liko sebuleni, dirishani, jua linaingia moja kwa moja. Ndani mna samaki wa dhahabu wanne na diskasi wawili, wale samaki bapa, na chupa ya barafu inaelea katikati.

"Mwanangu, hawa wekundu wanahema tangu juzi. Hawa bapa hawana neno. Ni ugonjwa gani unaochagua?"

Napima: 31. Si ugonjwa. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, na hustarehe kwenye 18 hadi 22. Huvumilia zaidi, lakini kwa kuchoka. Diskasi ametoka bonde la Amazon na anataka 28 hadi 30. Hakuna kipimo cha katikati kitakachowafaa wote wawili. Ukiweka 25, wa dhahabu bado anaona joto, na diskasi kinga yake inalegea mpaka maradhi yanaingia. Dukani mtu huchagua kwa rangi, na muuzaji hamwambii kitu. Natamani kila duka liandike joto la kila samaki kando ya bei yake. Kama nafasi ya kuandika ni ndogo, jina la samaki na liachwe, joto lisiachwe.

Chupa ya barafu naitoa. Mabadiliko ya ghafla huua haraka kuliko joto lenyewe. Mimi sipendi yazidi digrii moja kwa saa. Tunalisogeza tangi mbali na dirisha, pampu ya hewa tunaifungua yote. Kisha namwuliza kama lile birika la zamani la kuhifadhia maji bado linashika maji. Linashika! Lina kuta nene za mawe, liko kivulini, na maji yake yanasoma 25, nafuu kuliko 31. Zamani mabirika kama haya yalitiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo mama hashangai ninapomwambia wekundu wahamie huko. Tunawahamisha taratibu, tukiwachanganyia maji ya birika kidogo kidogo kwenye ndoo, na kazi hiyo peke yake inatuchukua mpaka adhuhuri.

Saa saba naingia hoteli moja ya ufukweni. Tangi la mapokezi linasoma 22. Mtu amezima hita, akisema Malindi na joto lake lote, hita ya nini? Lakini kiyoyozi huvuma pale usiku na mchana, na maji hupoa pamoja na chumba. Diskasi wamekunja mapezi na mmoja ana madoa meupe kama chumvi. Nawasha hita, naipandisha digrii moja kila baada ya saa chache, na kijana wa mapokezi ananiahidi ataendelea mpaka ifike 28.

Saa tisa nala wali na samaki pwani pamoja na wavuvi. Wao hawapimi, lakini wanajua: Agosti, kusi ikivuma, bahari hushuka hadi 25 hivi, na Machi hukaribia 30. Jodari wa huko nje ni katika samaki wachache wanaoweza kutunza joto la misuli yao likazidi la maji. Samaki wa miambani hawana uwezo huo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe ya hifadhi yetu ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, yakapauka na mengi yakafa.

Saa kumi na moja napokea mifuko ya gapi, visamaki vya urembo, kutoka Mombasa. Naiacha ielee kwenye tangi dakika 20 kabla ya kuifungua, ili joto la maji yake lilingane na la tangi.

Saa mbili usiku simu inalia. Ni bwana mmoja aliyehamia hapa kutoka Nyeri, anataka kufuga trauti kama wale wa mito ya Mlima Kenya. Namweleza kwamba trauti hustawi kati ya 10 na 16, akipita 20 anateseka, na karibu na 25 anakufa. Maji ya bomba hapa, saa hii ya usiku, yanatoka na 28. Kuyapoza bwawa zima kungemla pesa zote za samaki na zaidi. Nikampendekezea kambare. Amekubali kuja Jumamosi kuangalia bwawa la Ganda, na nimemwomba afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ili tupime pamoja.